Jina Lililosikika Bafuni

Kabla hujaituma hii kwa mwingine, isome kwanza wewe mwenyewe, na kikombe cha chai ukiweke chini. Wapo walioisoma wakiwa wamekishika, na sasa hivi wanaloweka mashati.

Mjini Tanga, mtaa wa Ngamiani, aliishi bwana mmoja aitwaye Semkiwa, mfanyabiashara asiye na duka, asiye na ghala, asiye na hata meza. Semkiwa aliuza majina.

Usicheke bado. Kila tovuti ina jina lake, na jina hilo ni kama kiwanja: anayewahi kulisajili ndiye mwenyewe, anayechelewa atabisha hodi. Kazi ya Semkiwa ilikuwa kunusa. Akisikia kampuni fulani inapika programu mpya, hangoji iive. Atakaa, atakuna kidevu, atakisia wenyewe wataiitaje, kisha atalisajili jina hilo kabla yao na kuliatamia kama kuku. Siku wenyewe wakienda kufungua tovuti ya programu yao, wanakuta maneno makubwa kama ya bango la mkutano: JINA HILI LINAUZWA. PIGA SIMU, ULIZA MKURUGENZI.

Mkurugenzi ndiye yeye. Wafanyakazi hakuwa nao, labda umhesabu jogoo.

Na tuseme ukweli, mayai mengi yalikuwa viza. Alikuwa na majina ya programu za mikopo ambazo hazikuzaliwa, na jina la programu ya kutafuta mbuzi waliopotea, ambayo duniani hakuna aliyewahi kuiwaza isipokuwa yeye na pengine mbuzi. Yai moja tu lilianguliwa. Kampuni moja ya maduka ya dawa ilikuja kwake ikilia, akaiuzia jina, akaezeka nyumba upya. Tangu hapo, ukimwambia biashara yake ni ya kubahatisha, hakujibu. Alikuonyesha bati.

Mkewe, Mama Tausi, alikuwa mkunga wa hospitali aliyestaafu, na bati halikumtisha.

"Baba Tausi, mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Mtoto akiwa tumboni haitwi jina. Wewe unawaita watoto wa watu ambao hata mimba zao hujaziona."

"Ndiyo maana mnawahiwa, Mama Tausi."

"Haya. Siku moja utamwita jini, na ataitika."

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Tausi mwenyewe, msichana aliyesoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike. Alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, katika kampuni inayotengeneza programu za kompyuta na simu. Ndiyo. Baba muuza majina ya programu, binti mtengeneza programu. Tausi aliliona shimo hilo mapema. Siku aliyopata kazi alimkalisha baba yake kitako.

"Baba, kazini kwangu usiniulize kitu. Wewe ni fisi, na mimi nimeajiriwa buchani."

Semkiwa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaapa. Na tumpe haki yake mzee wa watu: hakuwahi kuuliza. Alijing'ata ulimi sikukuu zote. Tausi akija nyumbani, wakazungumza habari za embe, za mpira, za majirani, na kazi ikabaki Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo Tausi alimwamini baba yake kuliko alivyoiamini benki.

Ikafika sikukuu ya Idi. Tausi akaja nyumbani.

Asubuhi ile Semkiwa alikuwa amechelewa, kama desturi yake. Mama Tausi alidhani ameshatangulia kwenye sala. Tausi naye alidhani hivyo hivyo. Kumbe mzee yuko uani, ndani ya bafu la mabati, amejipaka sabuni kuanzia utosini mpaka magotini, amefumba macho, anatafuta kopo la maji kwa kupapasa.

Simu ya Tausi ikalia. Akatoka jikoni, mkono mmoja una nazi, akaenda uani kwenye utulivu, akasimama ubavuni mwa lile bafu.

"Idi njema na kwako, dada Nkya," alisema. Bi. Nkya ndiye mkuu wake wa kazi. "Ndiyo, niko peke yangu. Hapana, hakuna mtu."

Semkiwa, ndani ya povu, akaacha kupapasa.

"Jina la programu ya tiketi za mabasi? Mmeshalipata? Nyumbu nini?" Mtandao ulikuwa unakatika. "Nyumbu Twende? Dada, umesema Nyumbu Twende? Sawa. Basi sawa, kama ndilo lililopitishwa. Hata mama yangu mzazi sitamwambia."

Akarudi jikoni kukuna nazi.

Semkiwa alibaki amesimama kama sanamu ya chumvi. Miaka yote amekisia gizani, leo jina limemfuata bafuni likiwa limevaa viatu. Tena jina gani. Nyumbu Twende. Nani duniani angelikisia? Angekaa akune kidevu mpaka mfupa, asingelifikia. Akaona ukubwa wake papo hapo: nyumbu husafiri kwa makundi, hawaachi mtu kituoni, hawagombani na kondakta. "Hawa watu wana akili," aliwaza, na sabuni ikamwingia jichoni.

Alitoka bafuni na taulo, povu na mbio. Mama Tausi alimkuta sebuleni amechutama, anafuta simu kwa shuka la kitanda.

"Baba Tausi, kuna moto?"

"Moto ungekuwa nafuu. Nywila yangu ni ipi?"

"Na hilo povu?"

"Liache likauke."

Sasa hapa, msomaji, moyo wake ulimsimamisha kidogo. Usidhani hakuwa nao. Moyo ulimwambia, uliapa. Naye akaujibu: niliapa kutouliza, je, nimeuliza? Nimesikia tu, na kusikia si kuuliza, hata mahakamani. Moyo, kwa kuwa haukusomea sheria, ukanyamaza. Akalisajili jina, akalipia kwa simu, akaweka bango lake la JINA HILI LINAUZWA, akavaa kanzu na kukimbilia kwenye sala. Alifika watu wamekwisha inuka. Jirani aliyempa mkono wa Idi alimwinamia akamnong'oneza: "Mzee Semkiwa, sikio lako linachemka povu."

Mchana, kwenye pilau, alimwekea Tausi kipande kikubwa cha nyama kuliko vyote.

"Baba, leo umenipenda," Tausi alisema.

"Nakupenda kila siku, mwanangu. Leo kuna nyama."

Haikupita wiki, simu ya Mkurugenzi ikalia. Mkurugenzi alikuwa uani akimfukuza jogoo.

"Shikamoo. Naongea na Mkurugenzi?" ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Marahaba. Sema haraka, nina kikao."

"Tumeona una jina la Nyumbu Twende. Tunalihitaji."

Semkiwa alikaa juu ya ndoo. Akamwashiria jogoo anyamaze.

"Wanaolihitaji ni wengi," alisema.

"Tunaelewa. Ila samahani, mzee wangu, umelipataje? Maana hata sisi wenyewe tulipolisikia tulishangaa."

Hapo, ndugu msomaji, hapo ndipo ungemziba mdomo kama ungekuwa karibu. Kwa sababu Semkiwa alijua jambo moja la biashara yake: aliyekisia hulipwa kama mwenye bahati, lakini mwenye mtu ndani hulipwa kama mwenye nguvu. Bei ilikuwa inaning'inia kwenye jibu. Akakohoa kikurugenzi.

"Dada yangu, mimi sibahatishi. Nina mtu wangu humo ndani kwenu. Kila jina mnalolichemsha, mimi nimeshaonja chumvi kabla hamjaepua."



"Basi njoo Dar es Salaam tumalizane," sauti ikasema. "Nauli juu yetu."

Hakumwambia mtu alichokisema. Alijua fika ni kampuni ya Tausi, lakini alikwisha panga: atapita kwa wakubwa, Tausi yuko kwenye meza yake na kompyuta yake, hatajua kitu. Jioni atamwibukia na zawadi, aseme alikuja mjini kwa shughuli zake. Mbele ya kioo cha kabati alifanya mazoezi ya cheko la Mkurugenzi, lile linaloanzia tumboni na kuishia kwenye bei. Mama Tausi alimtazama kutoka mlangoni.

"Unaumwa?"

"Nafanya biashara."

"Haya. Kama ni biashara, mbona umevaa koti la harusi yetu?"

Ofisi ilikuwa ghorofani, na viyoyozi vyake vingeweza kugandisha mchuzi. Wakamwingiza chumba cha mikutano chenye viti vya magurudumu vinavyozunguka. Semkiwa akachagua kikubwa zaidi, akakigeuzia dirishani, akawapa mgongo. Aliamini mkurugenzi wa kweli hatazami watu wanapoingia. Anawangoja, kisha anageuka polepole.

Bi. Nkya akaingia. Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu.

"Karibu, Mkurugenzi. Kabla ya bei, tuvumilie kidogo. Nimewaita vijana wangu wote walioitengeneza programu hii. Nataka usikie kitu."

"Nasikia vizuri tu, hata nikiwa na sabuni," Semkiwa alisema, akacheka peke yake. Akasikia nyuma yake viatu vinaingia, viti vinasogezwa.

"Jamani," Bi. Nkya alisema, "mnakumbuka majina yetu yaliibwa safari mbili. Programu haijatoka, jina limeshakamatwa na walanguzi. Kwa hiyo safari hii nilimpigia kila mmoja wenu simu, peke yake, nikampa jina la programu na kumwambia alitunze. Sitaki kumwonea mtu. Kila mmoja ataje hapa, mbele ya wenzake, jina nililompa."

Wa kwanza alijikooza. "Mimi uliniambia Safirika Nasi."

Wakaguna. Wa pili akasema, kwa mshangao, "Mimi uliniambia Gurudumu la Tano."

"Mimi Kuku wa Mizigo," akasema mwingine, na chumba kizima kikacheka.

Semkiwa, uso dirishani, aliwaonea huruma. Masikini vijana wa watu, wamedanganywa, na mwenye jina la kweli ameketi hapa hapa mbele yao. Cheko la Mkurugenzi likaanza kumpanda kutoka tumboni, zuri, la mazoezi, likapita kifuani, likafika kooni.

"Na mimi," ikasema sauti ya mwisho, "uliniambia Nyumbu Twende."

Cheko likafia njiani.

Sauti ile aliijua. Aliijua tangu ilipolia mara ya kwanza mikononi mwa wakunga wenzake Mama Tausi. Na akaelewa, akiwa bado anatazama bahari ya mabati ya watu huko chini, mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba Nyumbu Twende lilikuwa chambo, na kwamba chambo hicho alitupiwa mtu mmoja tu.

Hakukigeuza kiti. Kiti kilizunguka chenyewe na kikamleta uso kwa uso na binti yake.

Tausi alisimama. Rangi ilimtoka kama kitambaa kilichotiwa jiki. Lakini unajua alichouliza? Hakuuliza umefuata nini hapa.

"Baba," alisema, "mama mzima?"

Semkiwa alitikisa kichwa kuwa ndiyo, mzima.

Bi. Nkya alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Tausi. Baba huyu ni baba wa heshima, au baba wa kukuzaa?"

"Wa kunizaa, dada."

 

Semkiwa akainuka, koti la harusi likambana kwapani. "Hakuniambia," alisema. "Wallahi hakuniambia kitu. Nilikuwa bafuni. Yeye alidhani niko kwenye sala. Nilikuwa na povu, nikasikia. Huyu mtoto hana kosa."

Bi. Nkya alitoa simu yake, akaiweka mezani, akabonyeza. Chumba kizima kikasikia sauti nzito, ya kikurugenzi, yenye jogoo nyuma yake: *Nina mtu wangu humo ndani kwenu. Kila jina mnalolichemsha, mimi nimeshaonja chumvi kabla hamjaepua.*

"Hii ni sauti ya nani, mzee wangu?"

"Yangu."

"Ulisema kweli siku ile, au unasema kweli leo?"

"Leo. Siku ile nilikuwa napandisha bei."

"Na leo unashusha nini?"

 Uongo Semkiwa aliuuza ukanunulika siku ile ile kwa simu moja. Ukweli alikuwa anaugawa bure mbele ya watu wazima na akili zao, na hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea.

Na bado, tazameni mazoea yanavyomfanyia mtu. Midomo ikamcheza, akajikuta anauliza: "Kwani jina lenyewe la kweli ni lipi?"

Tausi alifumba macho.

"Halipo," Bi. Nkya alisema. "Tangu tulipoibiwa, nimeamua programu isipewe jina mpaka siku inapotoka. Anayeipa ni yule atakayeilea, na tulishamchagua. Kilichobaki kilikuwa kujua kama anaweza kutunza siri." Akamgeukia Tausi, na sauti ikampungua. "Ungeipa jina wewe, mdogo wangu. Jumatatu."

Huyo ndiye jini ambaye Mama Tausi alisema ataitika.

Tausi hakulia wala hakujitetea. Alivua kitambulisho cha kazi shingoni, akakizungushia uzi wake vizuri, akakiweka mezani. Kisha akamshika baba yake mkono, kwa sababu mzee hakuijua Dar es Salaam na asingefika stendi peke yake.

 Stendi, alimkatia tiketi, akamtafutia kiti cha dirishani.

"Umekula, Baba?"



Tausi akamnunulia maji na mkate, akavipitisha dirishani. Basi lilipoanza kuunguruma, alisema: "Ungeniuliza tu. Ningekuambia hapana, tukacheka, tukala pilau."

Tausi hakufukuzwa kwa kelele. Aliambiwa aende nyumbani angoje kuitwa, na kungoja huko hakukuisha. Programu ilitoka, ikapewa jina na mtu mwingine, na jina hilo Semkiwa hawezi kulitamka mpaka leo. Alipiga simu kulirudisha lile Nyumbu Twende bure, bila hata asante. Wakamjibu kwa adabu kwamba hawana haja nalo. Mwaka ulipogeuka akapokea ujumbe kwamba jina lake linakaribia kuisha, je, angependa kuendelea nalo? Akaufuta. Jina likaachwa wazi, na hadi sasa hakuna hata mjinga mmoja aliyeligusa.

Mama Tausi alipohadithiwa yote, hakupiga kelele wala hakurusha kitu. Aliuliza tu, "Na lile povu, ulilisuuza lini?" Kisha akaingia ndani, na koti la harusi akalifungia sandukuni.

Kazi Tausi alipata nyingine, baada ya muda mrefu, na nyumbani anakuja kama zamani. Anamwamkia baba yake, wanazungumza habari za embe, za mpira, za majirani. Ila simu ya Tausi ikilia, haendi kuipokelea uani. Anatoka mlango wa mbele, anavuka barabara, anapita duka la kona, anasimama huko mbali juani na kiganja amekikinga mdomoni.

Na Semkiwa, mzee wa watu, anainuka anafunga dirisha mwenyewe, ili asisikie. Hakuna aliyemwomba. Na Tausi, kutoka kule aliko, hawezi kumwona akilifunga.

Funzo: Siri ya mwanao ikikuangukia kwa bahati mbaya, ife papo hapo; ukiipeleka sokoni utakuwa umeuza imani yake kwako, na hiyo ukitaka kuinunua tena hutamwona muuzaji.